Mwaka Waliokufa Wafalme Wawili

 

Ndugu zetu Waislamu, kila itajwapo Baitul Muqaddas katika khutba ya Ijumaa, au barazani baada ya sala ya Alasiri, hatukosi kumsikia mtu akiugua na kusema: «Yuko wapi Salahuddin wa leo?» Akisha kusema hayo humaliza kahawa yake, akavaa viatu vyake, akenda zake. Nasi hatuyadharau machungu aliyonayo moyoni, kwani ni machungu ya kila Mwislamu. Lakini twaona kuwa ndani ya swali lake mna uvivu uliojificha. Mwenye kuuliza hivyo huwa amekwisha kujitoa yeye nafsi yake katika hesabu; jambo zima amelitupa juu ya mtu mmoja asiyemjua, na pengine hajazaliwa, naye akastarehe.

Basi katika darsa zetu tumependa kulijibu swali hili kwa tarikh. Mwaka 1187 watoto wa chuoni waujua, kuwa ndio mwaka ambao Salahuddin Yusuf bin Ayyub aliwashinda Wafaranji huko Hittin, kisha akaingia Quds. Sisi twataka kurudi nyuma miaka 13, tuutazame mwaka 1174, ambao ni mwaka 569 wa Hijra ukiingia 570. Mwaka huo hautajwi sana juu ya mimbari, labda kwa kuwa mna mambo ndani yake ambayo si fahari kwetu.

Ulikuwa mwaka wa misukosuko kwa wafalme wa dunia. Huko Uingereza mfalme Henry wa Pili alikuwa akipigana na wanawe wa kuwazaa, na mkewe amemfunga kwa kuwa alikuwa upande wa wanawe. Mwezi wa Julai mfalme huyo alikwenda mji wa Canterbury kwa miguu mitupu, akainamisha mgongo wake watawa wakampiga mijeledi, kwa ajili ya damu ya askofu Thomas Becket, aliyeuawa na mashujaa wa mfalme ndani ya kanisa mwaka 1170. Siku ya pili yake adui yake, mfalme wa Scotland, akakamatwa vitani, na watu wakasema toba imekubaliwa. Mfalme wa Sicily alipeleka merikebu zake Iskandaria mwishoni mwa mwezi huo huo, akitumai kuwa mna wenzake ndani ya Misri watakaoinuka pamoja naye. Wenzake hao Salahuddin alikuwa amekwisha kuwagundua na kuwasulubu tangu mwezi wa Aprili, na miongoni mwao alikuwamo Umara, mshairi wa Yaman. Askari wa Sicily walishuka pwani, wakapigwa, wakarudi walikotoka. Na Yaman yenyewe mwaka huo ilitwaliwa na Turanshah, nduguye Salahuddin, pamoja na bandari ya Aden ambayo vyombo vya bahari yetu vyaijua tangu kale. Na asidhani msomaji kuwa hizi ni khabari za watu wa mbali wasiotuhusu. Mwaka huo msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ambao maandishi ya kibla chake yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, ulikuwa umekwisha kusaliwa miaka 67. Watu wa pwani hii walikuwa katika umma huu huu, wakielekea kibla hiki hiki.

Lakini wafalme wawili tuliowakusudia ni wengine. Wa kwanza ni Nuruddin Mahmud bin Zengi, Sultani wa Sham, aliyefariki Damascus tarehe 15 Mei, mwezi 11 Mfunguo Mosi. Wa pili ni Amalric, mfalme wa Wafaranji katika Quds, aliyekufa kwa tumbo la kuhara tarehe 11 Julai. Baina ya vifo vyao hapakuwa hata miezi miwili. Kila mmoja aliacha kiti chake kwa mtoto: wa Nuruddin alikuwa na miaka 11, na wa Amalric alikuwa na miaka 13 na maradhi ya ukoma.

Yatupasa tumweleze Nuruddin kwa urefu kidogo, kwa sababu wengi wetu twamjua Salahuddin wala hatumjui aliyemlea. Alizaliwa mwaka 1118. Baba yake, Imaduddin Zengi, aliuawa na mtumwa wake mwaka 1146, na Nuruddin akarithi Halab. Mwaka 1154 akaingia Damascus, na watu wa mji wenyewe wakamfungulia. Tokea Wafaranji walipoitwaa Quds mwaka 1099 na kuwachinja watu wake, Sham ilikuwa vipande vipande: kila mji na bwana wake, na kila bwana akimwogopa Mwislamu jirani yake kuliko anavyomwogopa Mfaranji. Wengine walilipa kodi kwa Wafaranji ili wapate nguvu ya kupigana na ndugu zao.

Je, alianza na nini? Vita alipigana, tena vingi, na mara nyengine alishindwa. Lakini vitu vilivyobakia kwa jina lake ni vya namna nyengine. Alijenga hospitali Damascus, iliyoitwa bimaristani kwa lugha ya wakati ule, akaiwekea wakfu wa kuiendesha, na wagonjwa wakatibiwa humo kwa karne nyingi baada yake. Jengo lake lingalipo. Alijenga Darul Hadith, nyumba ya kusomeshea hadithi za Mtume (s.a.w.), na mwalimu wake akawa Ibn Asakir, mwenye kuandika tarikh kubwa ya Damascus. Aliondoa ushuru ambao sharia haikuuruhusu, ushuru ambao masultani wenzake walikuwa wakiishi kwao. Na alijenga nyumba aliyoiita Darul Adl, Nyumba ya Uadilifu.

Khabari ya nyumba hii twaipata kwa Ibn al-Athir. Twajua kuwa jamaa zake Ibn al-Athir walikuwa katika utumishi wa nyumba ya Zengi, basi sifa anazozitoa twazipima kabla ya kuzipokea. Lakini hii ni khabari ya jengo lililosimama na watu wakaliona. Maamiri wa Nuruddin walipokwisha kutulia Damascus walianza kununua mashamba na majumba, na wengine wakawadhulumu majirani zao. Mashtaka yakaenda kwa kadhi Kamaluddin Shahrazuri. Kadhi akawahukumu wote, illa mmoja tu hakumweza: Asaduddin Shirkuh, amiri mkubwa kuliko wote, ambaye ni ami yake Salahuddin. Nuruddin alipopata khabari hakumwita Shirkuh wala hakumkemea. Aliamrisha ijengwe Darul Adl. Shirkuh akafahamu mara moja. Akawakusanya mawakili wake, akawaambia kuwa nyumba hii haikujengwa illa kwa sababu yake yeye, na kuwa ye yote katika wao atakayemfikisha huko atamsulubu. Akawaamuru waende kwa kila mwenye dai waridhiane naye, hata ikiwa mali yote aliyonayo itakwisha, kwani kutoka mali mikononi mwake ni kwepesi kuliko Nuruddin kumwona kuwa ni dhalimu. Nyumba ilipokwisha, Nuruddin alikaa humo siku mbili kila wiki pamoja na kadhi na wanavyuoni, wala hakuja mtu kumshtaki Shirkuh. Alipoambiwa sababu yake alisujudu kumshukuru Mwenyezi Mungu.

Na yeye mwenyewe alikuwa chini ya hukumu hiyo hiyo. Siku moja alikuwa uwanjani akicheza mchezo wa mpira juu ya farasi, akaja mtu kumwita kwa kadhi, kwani ana dai la mali juu yake. Sultani akaitupa fimbo ya kuchezea, akafuatana na mjumbe, na akatangulia kumwambia kadhi amfanye kama afanyavyo mdaiwa ye yote. Walisimama sawa kwa sawa. Ikathibiti kuwa mtu yule hana haki. Hapo ndipo Nuruddin akampa ile mali kwa hiari yake, akaeleza kuwa alijua tangu mwanzo kuwa si ya yule, lakini amekwenda ili isije ikadhaniwa kuwa anamdhulumu.

Mkewe alimlalamikia kuwa matumizi ya nyumba hayatoshi. Alimpa maduka matatu aliyokuwa nayo mji wa Hims, ambayo kodi yake ilikuwa kiasi cha dinari 20 kwa mwaka. Alipoona ni machache, akamjibu kuwa hana zaidi ya hayo, na kwamba vyote vilivyo mkononi mwake yeye ni mwekaji hazina tu wa Waislamu, wala hatawafanyia khiyana akaingia Motoni kwa ajili yake. Mtu huyu alitawala kutoka Halab hata Misri.

Salahuddin alikulia katika utumishi wa mtu huyu. Alimwona ami yake akiogopa jengo. Baadaye, alipokuwa yeye mwenyewe Sultani, alikaa kuhukumu baina ya watu kila Jumatatu na Alkhamisi, mbele ya makadhi na wanavyuoni, mlango ukiwa wazi kwa mkubwa na mdogo. Alipofariki mwaka 1193 hazina yake ilikutwa na dirhamu 47 na dinari moja ya dhahabu. Watu wastaajabu kwa hayo. Sisi twasema alifundishwa.

Hata hivyo hatutaki kuandika tarikh ya kupambapamba. Katika siku za mwisho baina ya wawili hawa hapakuwa na usalama. Salahuddin alikuwa Misri tangu 1169 kwa jina la Nuruddin, lakini alipoitwa kukutana naye kwa vita alirudi nyuma kwa udhuru, akiogopa kuuzuliwa. Mwezi wa Mei 1174 Nuruddin alikuwa akikusanya askari kuelekea Misri. Siku ya Idi ya Mfunguo Mosi alimtahirisha mwanawe Ismail, na mji ukafurahi. Siku chache baadaye koo likamvimba. Matabibu walitaka kumpasua mshipa atolewe damu, akakataa, akasema kuwa mtu wa miaka sitini hatolewi damu. Alikuwa katika chumba kidogo alichozoea kufanyia ibada, na humo ndimo alimofia. Kaburi lake liko katika madrasa aliyoijenga mwenyewe, Damascus. Twataja hili kwa wale wapendao kuzuru: mtu kama huyu huombewa, wala haombwi.

Na sasa ndugu zetu tazameni yaliyofuata. Huko Mosul, kwa mtoto wa nduguye, wanahistoria wasimulia kuwa ilipofika khabari ya kifo mnadi alipita mjini kutangaza ruhusa ya ulevi na mchezo. Bwana huyo wa Mosul akatoka kuteka miji ya ami yake upande wa Furati. Maamiri wa Damascus na wa Halab waligombania nani amshike mtoto, si kwa kumpenda bali kwa kuwa mwenye kumshika mtoto ndiye mwenye kutawala kwa jina lake. Mfalme Amalric alipoona hayo akaihusuru Banyas. Maamiri wa Damascus hawakutoka kumpiga. Walimpa fedha aondoke. Akazichukua, akarudi mgonjwa, akafa. Agosti mtoto akachukuliwa Halab, na aliyemchukua akawatia wenzake gerezani. Tokea Mei hata Agosti ni miezi mitatu. Ufalme uliojengwa kwa miaka 28 ulitosha kuvunjwa kwa muda huo.

Haki isemwe hata ikiwa chungu. Wafaranji nao walibakiwa na mtoto, Baldwin wa Nne, tena mgonjwa. Mwalimu wake aliyatambua maradhi yake pale watoto walipokuwa wakifinyana mikono katika mchezo, wote wakalia illa yeye. Nao hawakuwa malaika. Mtu aliyeshika mambo yao aliuawa mjini Akka mwaka ule ule. Lakini walimtia taji mtoto yule mwenye ukoma siku ya nne baada ya kifo cha baba yake, wakamteulia msimamizi kwa shauri la wakubwa wao, wakamzunguka. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1177, kijana yule alimshinda Salahuddin vitani kwa ushinde mkubwa. Sisi tulikuwa na mtoto mzima wa mwili, tukamfanya kamba ya kuvutana.

Salahuddin aliingia Damascus mwezi wa Oktoba. Alisema kuwa amekuja kumtumikia mtoto wa bwana wake. Akafungua Beitulmali akawagawia watu, akaondoa ushuru wa dhulma uliokuwa umekwisha kurudishwa. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa nje ya kuta za Halab. Mtoto Ismail, aliyeitwa al-Malik al-Salih, akawatokea watu wa mji akilia, akawakumbusha wema wa baba yake, na watu wakalia pamoja naye wakapigana kwa ajili yake. Wakubwa wake hawakutosheka na hayo. Walipeleka kwa Sinan, mkuu wa Mahashashin, amuue Salahuddin, na wakapeleka kwa Mfaranji wa Tarabulus aje kuwasaidia. Vita vya Waislamu kwa Waislamu viliendelea. Halab haikuingia mkononi mwa Salahuddin hata mwaka 1183, na Mosul haikufanya amani naye hata mwaka 1186. Mwaka uliofuata ndio wa Hittin na Quds. Kwa hivyo katika ile miaka 13, sehemu kubwa haikupotea kwa ajili ya nguvu za Wafaranji. Ni sisi tuliokuwa tukihusuriana.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwanadamu akifa amali yake hukatika illa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema amwombeaye. Ufalme haumo katika matatu hayo. Hospitali ya Nuruddin haikuvunjwa na maamiri, kwa kuwa ilikuwa wakfu wenye hati, na masharti yake yanajulikana. Darul Hadith haikufungwa. Na mtoto? Ismail alifariki Halab mwaka 1181, hajatimiza miaka 20. Katika maradhi yake matabibu walimwagizia mvinyo kuwa ni dawa. Akataka kwanza kuwauliza wanavyuoni, na mmoja akampa ruhusa. Akamwuliza: ikiwa Mwenyezi Mungu ameukurubisha mwisho wangu, mvinyo utauchelewesha? Akajibiwa kuwa la. Akasema basi hatakutana na Mola wake naye ametumia alichomharimishia. Maamiri walimnyang'anya mtoto yule kila kitu cha baba yake, lakini hicho hawakukiona.

Twarudi kwa yule ndugu yetu wa barazani na swali lake. Twapenda nasi tumwulize. Katika mtaa wake mna nyumba ya wakfu wa msikiti. Kodi yake yaandikwa wapi? Mara nyingi jawabu ni kuwa mzee fulani ndiye ajuaye, naye ni mwaminifu. Hatukatai kuwa ni mwaminifu, bali twamwombea umri mrefu. Lakini uaminifu wa mzee hukaa kifuani mwake, na siku ya kuzikwa huzikwa pamoja naye. Tumekwisha kuyaona: msimamizi amefariki, hati hazijulikani ziliko, watoto wake wasema nyumba ni urithi, jamaa wa msikiti wasema ni wakfu, na kabla ya arubaini kwisha watu wamegawanyika makundi mawili wasiosalimiana, kila kundi na imamu wake. Tena mashtaka hupelekwa serikalini, kwa wasiokuwa Waislamu, na gharama za mawakili zikalipwa kwa kodi ya wakfu ule ule. Ni Banyas hii. Na lau kesho angeshuka Salahuddin katika mtaa kama huo, hapana shaka miaka yake 13 ya kwanza ingekwenda katika kusuluhisha ugomvi wa funguo.

Yatakiwayo si makubwa. Ni daftari linalosomwa mbele ya watu kila mwaka, baada ya sala ya Ijumaa, kwa sauti. Ni wasimamizi watatu au watano badala ya mmoja. Ni hati kunakiliwa, nakala moja ikawekwa kwa kadhi. Ni msimamizi akiitwa kuulizwa asione kuwa ametukanwa, kwani Sultani wa Sham aliitwa akatupa fimbo yake. Twajua watu watasema kuwa haya ni mambo madogo mbele ya msiba wa Quds. Nuruddin alikuwa na msiba huo huo mbele yake, Wafaranji wamo ndani ya Quds, naye akakaa siku mbili za kila wiki akisikiliza kesi za mashamba.

Mwaka 564 wa Hijra, yaani 1168 au 1169, aliwaamuru mafundi wa Halab waunde mimbari kwa ajili ya Msikiti wa Aqsa. Mji huo haukuwa wake, na msikiti wenyewe ulikuwa mikononi mwa Wafaranji. Mafundi wakachonga mbao wakazipambia pembe za ndovu, wakaziunganisha vipande kwa vipande bila ya misumari, wakaandika majina yao. Nuruddin alikufa nayo ingali Halab. Ilikaa huko wakati wote wa fitina tuliyoieleza; mji ulihusuriwa, ukatwaliwa, nayo ipo. Salahuddin alipoingia Quds tarehe 2 Oktoba 1187, mwezi 27 Rajabu, alitaka mimbari ya msikiti, akakumbushwa ile ya Nuruddin, akatuma iletwe. Ikasimama katika Aqsa karibu miaka 780, hata tarehe 21 Agosti 1969, mtu mmoja wa Australia alipoutia moto msikiti, ikaungua.

Mimbari iliyoko leo iliwekwa mwaka 2007. Iliundwa Jordan, kwa mikono ya mafundi waliokusanywa kutoka nchi mbali mbali za Kiislamu. Kabla ya kukata ubao wa kwanza iliwapasa wajifunze upya, kwa vipande vilivyosalimika na kwa picha, namna mafundi wa Halab walivyokuwa wakiunganisha mbao bila ya misumari.